Moshi uko wapi shambani kwangu? Kodi ya kaboni na mkulima wa Lubumbashi

Gari lenye namba za Kongo likivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, dereva hutoka madirishani na karatasi kadhaa mkononi: bima, barabara, halmashauri, kibali cha gari. Moja kati yake ni ya kodi ya kaboni. Mara ya kwanza niliyoiona nilikuwa nimekaa kando ya shemeji yangu kwenye pick-up yake. Jua lilikuwa kali, foleni ilikuwa ndefu, na pesa aliyotenga kwa ajili ya mpaka ilikuwa imekwisha. Aliigeuza ile karatasi, akaisoma tena, kisha akasema: "Makala? Mi sina hata mufuko moja ya makala mu gari."

Tulicheka, ingawa shemeji hakukosea sana. Neno kaboni lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la makala, na katika Kifaransa chetu cha shule carbone na charbon ni majirani wa ukuta mmoja. (Wasomaji wa pwani, ambao kwao makala ni maandishi kama haya na kitu cha kupikia ni mkaa, watuvumilie. Hapa Lubumbashi makala ni yale meusi yanayoivisha bukari, ugali wetu.)

Swali gumu zaidi nililipata nyumbani. Mama mukubwa, dada ya mama yangu, analima mahindi na mboga nje kidogo ya barabara ya Kasenga. Nilipomweleza kwamba dunia inataka mwenye kutoa moshi alipie moshi wake, aliacha kupepeta, akanitazama kama mtu aliyeletewa deni la jirani.

"Mwana, mu shamba yangu moshi iko wapi?"

Nimejaribu kumjibu mara kadhaa. Hili ni jaribio refu kidogo.

Tani moja, mapipa mawili

Kodi ya kaboni ni rahisi kuieleza na ni ngumu kuifuatilia. Serikali inaweka bei juu ya kila tani ya hewa ya ukaa inayotoka pale mtu anapochoma mazutu (dizeli), esansi (petroli), gesi au makaa ya mawe. Kwa kawaida haimfuati kila mmoja kwenye bomba lake la moshi. Inadaiwa juu kabisa, kwa mwenye kiwanda au kwa anayeingiza mafuta nchini, kwa sababu huko walipaji ni wachache na hesabu za mapipa tayari zipo vitabuni. Kutoka hapo inateremka yenyewe ndani ya bei. Ufini ndiyo iliyoanza mwaka 1990, Uswidi na Norwei zikafuata mwaka 1991.

Tani ya hewa ni kitu ambacho mama mukubwa hawezi kukitia machoni, kwa hiyo nilimpa mapipa. Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Wengi wanaikataa hesabu hii, na wana sababu ya kushangaa, maana lita yenyewe ukiiweka kwenye mizani haifiki hata kilo moja. Uzito unaozidi unatoka hewani: kila chembe ya kaboni iliyomo ndani ya mazutu, inapoungua, inashika chembe mbili za oksijeni na kuondoka nazo. Ukigawanya, tani moja ni kama lita 370, yaani mapipa mawili ya lita 200 ambayo hayajajaa vizuri. Basi nchi ikisema tani ni dola 50, imesema kila lita ya mazutu iongezwe senti 13 au 14 za dola. Ikisema dola 10, ni chini ya senti tatu.

Karatasi ya Zambia, iliyoanza mwaka 2006, haihesabu hivyo. Inatazama ukubwa wa injini. Pick-up ya shemeji inalipa kiasi kilekile iwe inakwenda Chililabombwe kununua unga na kurudi jioni, au inazunguka hadi Livingstone. Hapo imepimwa mashine, moshi wenyewe haukupimwa. Ni ushuru wa gari uliovaa shati la kijani, na nadhani umewafanya watu wengi wa hapa waamini kwamba kodi ya kaboni ni dirisha jingine tu la mpakani.

Afrika Kusini ndiyo iliyoingia kwa uzito. Kodi yao ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa randi 236. Tarakimu hizo zinatisha kuliko malipo yenyewe, kwa sababu sheria ilitoa misamaha mikubwa: kampuni nyingi zilianza kwa kulipia kati ya asilimia 5 na 40 tu ya moshi wao. Kilimo chenyewe, yaani shamba na mifugo, kiliachwa nje. Mafuta ya magari yakawekewa nyongeza kwenye pampu.

Sheria ya Pretoria inatuhusu kwa sababu Lubumbashi ni mji unaokula kwa kamioni. Tufaha, kuku wa barafu, dawa za kuulia wadudu, mipira ya kumwagilia na vipuri vya mashine ya kusaga vinapanda kutoka kusini, vinavuka nchi moja, vinavuka ya pili, na dereva anajaza tangi njiani. Kila tangi lina bei ya nchi lilipojazwa, pamoja na kodi zake. Mkulima wa Katanga hajawahi kujaza fomu ya kodi ya Afrika Kusini na hatajaza, lakini anapolipia mpira wa kumwagilia amelipia na vipande vya kodi hiyo bila kuambiwa.

Hesabu kwenye daftari la mjukuu

Tulikaa na mama mukubwa chini ya mwembe, na daftari la mjukuu wake likawa kitabu cha hesabu. Nilitaka kujua jambo moja: kodi ya kaboni ya dola 50 kwa tani, ambayo ni kubwa kwa viwango vya Afrika, ingeongeza nini kwenye mfuko wake wa mbolea?

Tuchukue kamioni yenye tani 30, yaani mifuko 600 ya kilo 50, inayotoka bandari ya Dar es Salaam. Safari ni karibu kilomita 2,000. Tuseme inakunywa lita 45 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni lita 900 hadi hapa. Zidisha kwa senti 13 na nusu, unapata dola 121 na ushee. Gawanya kwa mifuko 600. Jibu ni senti 20 kwa mfuko. Hata ukiongeza safari ya kurudi kamioni ikiwa tupu, haifiki senti 40.

Mama mukubwa alikasirika. Hasira haikuwa juu ya kodi, ilikuwa juu yangu mimi, niliyemtoa kwenye kazi zake kwa ajili ya senti 20. "Mwaka ile mbolea ilipanda, ilikuwa senti ngapi?" aliuliza.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko hesabu yangu. Mwaka ule ulikuwa 2021 kuingia 2022. Urea, mbolea nyeupe yenye asilimia 46 ya naitrojeni, ilikuwa inauzwa chini ya dola 250 kwa tani katika soko la dunia mwaka 2020, na kufikia Aprili 2022 ilipita dola 900. Kwa mfuko wa kilo 50 hilo ni ongezeko la dola zaidi ya 30 kabla haijapakiwa hata kwenye meli. Kodi ya kaboni haikuhusika. Gesi asilia ilipanda Ulaya, kisha vita vya Ukraine vikaja, na urea inatengenezwa kwa gesi: gesi inatoa haidrojeni, haidrojeni inaunganishwa na naitrojeni ya hewani kwa joto na mgandamizo mkubwa, inapatikana amonia, na amonia inageuzwa kuwa zile punje nyeupe. Gesi ikikohoa Qatar au Urusi, homa inafika Kasenga.

Hapo ndipo kodi ya kaboni ingemgusa mkulima kwa nguvu zaidi, kwenye kiwanda cha mbolea kuliko kwenye kamioni. Kutengeneza tani moja ya urea hutoa takriban tani moja ya hewa ya ukaa pale panapotumika gesi, na hata mara mbili yake pale panapotumika makaa ya mawe. Kiwanda kikitozwa dola 50 kamili bila msamaha, mfuko unaongezeka dola mbili na nusu hadi dola tano. Shamba la hekta moja linalotumia mifuko minne ya urea lingepata mzigo mpya wa dola 10 hadi 20 kwa msimu. Kwa mtu wa ofisini mjini hiyo ni pesa ya mchana mmoja. Kwa mtu anayevuna kidogo na kuuza nusu ili alipe shule, ni kuku kadhaa wanaoondoka uani.

Lakini urea inayofika kwetu, sehemu kubwa hutengenezwa katika nchi zisizotoza kaboni kwenye kile wanachouza nje. Ulaya, kwa upande wake, imejenga ukuta wa mpakani: tangu Oktoba 2023 waingizaji wa mbolea, saruji, chuma, alumini, umeme na haidrojeni walianza kutoa ripoti za kaboni iliyomo ndani ya bidhaa hizo, na tangu Januari 2026 malipo yameanza kuhesabiwa. Shaba haimo kwenye orodha, kwa hiyo migodi ya huku haijaguswa. Mbolea imo. Huenda kiwanda chenye moshi mwingi, kikiona mlango wa Ulaya umekuwa ghali, kikatafuta wateja wasiouliza maswali, na sisi ni miongoni mwao. Yaani kodi ya Ulaya inaweza hata kutushushia bei kidogo. Nilimwambia mama mukubwa asiitegemee.

Senti ambazo hazina chenji

Tukirudi kwenye zile senti 20, kuna jambo ambalo wachumi wakiandika kutoka mbali hawalioni. Kongo inatumia dola, ila dola yetu haina sarafu. Robo dola haipo mfukoni mwa mtu yeyote. Bei za jumla zinatajwa kwa dola nzima, au nusu dola mtu akiwa na huruma. Mwenye kamioni aliyeongezewa senti 20 kwa mfuko haongezi senti 20. Anaongeza dola moja, na anasema ni kodi. Mwenye ghala anasikia "kodi" na anaongeza yake. Kodi mpya ikitangazwa redioni, bei inapanda kesho yake, hata kwa mzigo ulioingia mwezi uliopita. Nimeyaona haya kwa kodi za aina nyingine mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuamini ya kaboni itakuwa na adabu zaidi.

Katika mnyororo mzima kuna mtu mmoja asiyeweza kuongeza kitu: mkulima. Mwenye kamioni anataja bei yake, mwenye ghala anataja yake, mwenye mashine ya kusaga anabandika karatasi mlangoni. Mkulima anaulizwa, "Mama, unauza ngapi?" na kabla hajajibu anaambiwa bei ya soko. Bei ya mahindi Lubumbashi haiamuliwi na gharama za mkulima wa Lubumbashi. Inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na mavuno ya Zambia na mlango wa Kasumbalesa: ukiwa wazi unga unashuka, ukifungwa unapanda. Mwaka 2024 ukame ulikata mavuno ya mahindi ya Zambia zaidi ya nusu, serikali yao ikatangaza janga la kitaifa mwezi wa pili, na sisi huku tukaisikia kwenye sahani. Kodi ikipandisha gharama za shamba la Kasenga wakati Zambia imevuna vizuri, mkulima wa Kasenga anaumeza mzigo wote peke yake.

Kusaga nako kuna kichekesho chake. Umeme wa Katanga ni wa maji. Unatoka Nseke, Nzilo, Mwadingusha, na mwingine unashuka kwa waya mrefu kutoka Inga. Hauna moshi, kwa hiyo kodi ya kaboni isingeugusa. Mashine ya kusaga inayopata umeme ingebaki na bei yake. Ila umeme ukikatika, na unakatika, mwenye mashine anawasha jenereta ya mazutu, na mtaa uliokosa umeme ndio ungelipa kaboni. Katika nchi ambayo mito yake inatosha kuwashia jirani zake wote, hilo lingeniuma kuliko senti za kamioni.

Kwingine walilipaje

Wakulima wa nchi tajiri wamepiga kelele juu ya kodi hii kuliko sisi, na kelele zao zina mafunzo. Kanada ilianza kutoza nchi nzima mwaka 2019 kwa dola 20 za huko kwa tani, na mwaka 2024 ilikuwa imefika 80. Mazutu ya trekta yalisamehewa. Yaliyobaki kutozwa ni gesi ya kukaushia nafaka na ya kupashia joto mabanda. Mkulima wa nyanda za magharibi anayevuna mahindi yenye unyevu mwezi wa kumi, theluji ikiwa mlangoni, hawezi kuyaanika juani kama sisi. Bila kuyakausha yanaoza. Hakuwa na njia nyingine, na kodi inayomtoza mtu asiye na njia nyingine haibadilishi tabia yake, inamtoa pesa tu. Miaka mingi bungeni ilikwenda kwenye gesi hiyo ya kukaushia.

Ufaransa hadithi ni ya barabara. Kufikia 2018 kodi ya kaboni ilikuwa euro 44.60 kwa tani, na mwaka uliofuata ilitakiwa kupanda tena. Mwezi wa Novemba 2018 watu wa miji midogo na vijijini, ambao basi haliwafikii na gari kwao ni kama jembe, walivaa fulana za njano na kuziba mizunguko ya barabara. Serikali ilifuta ongezeko, na bei ikabaki palepale. Paris inaweza kupanda treni ya chini ya ardhi, kijiji hakiwezi. Yeyote aliyewahi kutoka Kasenga mwezi wa pili, matope yakifika kwenye ekseli, atawaelewa wale watu bila kufundishwa Kifaransa.

Denmaki imekwenda mahali ambapo hakuna aliyethubutu: kuanzia 2030 itatoza mifugo yenyewe, kwa sababu ng'ombe akicheua anatoa methani, gesi inayopasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Itaanza na krone 300 kwa tani na kufika 750 mwaka 2035, lakini mfugaji anapunguziwa asilimia 60. Nilipomwambia mama mukubwa kwamba Wazungu watalipia mbeuo wa ng'ombe alisema kwamba mimi nimeanza kunywa munkoyo uliolala.

Turudi Kanada, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo ndilo kiini cha haya yote. Sehemu kubwa ya pesa ya kodi ya mafuta ilirudishwa kwa familia, moja kwa moja kwenye akaunti, baadaye kila miezi mitatu, na familia za vijijini ziliongezewa kidogo juu yake: asilimia 10 mwanzoni, kisha 20. Aliyechoma kidogo alibaki na faida. Hata hivyo watu waliichukia, na tarehe 1 Aprili 2025 kodi ya mafuta kwa watumiaji wa kawaida ikashushwa hadi sifuri. Bei kwenye pampu kila mtu aliiona; marejesho wengi hawakujua yametoka wapi.

Sasa fikiria mtu anayelipa upande mmoja tu. Kodi inasafiri vizuri sana: inaingia ndani ya tangi, ndani ya punje ya urea, ndani ya nauli, na haihitaji pasipoti. Marejesho hayasafiri. Yanaishia kwa raia wa nchi iliyotoza. Meli zenyewe zimekaribia kuwekewa bei ya kaboni. Shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa majini lilikubaliana muundo wake Aprili 2025, kisha mwezi wa kumi mwaka huohuo kura ya kuupitisha ikaahirishwa kwa mwaka mmoja. Siku kura hiyo ikipita, mfuko wa mbolea utakaotia nanga Dar es Salaam utakuwa na kipande chake cha kodi hata kabla ya kamioni kuwashwa. Vita vya kweli katika mikutano ile, kwa maoni yangu, ni juu ya nani atapewa zile pesa zikishakusanywa, na wakulima walio mbali na bahari kama sisi hawana kiti karibu na meza.

Msitu upande wa pili wa shamba

Nilimwahidi mama mukubwa jibu la swali lake, na jibu la kweli ni kwamba moshi upo. Urea ikinyeshewa shambani, sehemu yake ndogo inageuka gesi ya naitrojeni na oksijeni isiyoonekana wala kunuka, inayopasha joto mara 270 hivi kuliko hewa ya ukaa. Ni kidogo kwa mtu wa mifuko minne. Mkubwa zaidi ni ule unaoonekana kila mwaka kuanzia mwezi wa saba, anga la Lubumbashi linapogeuka rangi ya majivu: miombo inayokatwa, inayochomwa iwe shamba, au inayofunikwa kwa udongo iwe makala.

Mambo haya mawili yanashikana kwa namna ambayo mwenye kutunga kodi akiwa mbali hawezi kuiona. Udongo wetu mwekundu ni wa tindikali na umechoka. Mahindi bila mbolea hayafiki tani moja kwa hekta, na anayeweza kununua NPK ya 10-20-10 na urea anavuna mara kadhaa ya hapo palepale alipo. Asiyeweza ana njia ya zamani, ile ambayo Wabemba wanaiita chitemene: anasogea, anakata, anachoma, na majivu yanampa misimu miwili au mitatu. Kwa hiyo mbolea ikipanda bei, kwa kodi au kwa vita, msitu unarudi nyuma. Na pesa ya mfuko inaposhindikana, njia ya haraka ya kuipata wakati wa kiangazi ni kuchoma makala. Zile baiskeli zinazoingia mjini alfajiri, mifuko imepangwa hadi kichwa cha msukumaji hakionekani, nyingi ni za wakulima.

Ongeza jiko la mjini. Kodi juu ya mafuta na gesi haiwezi kuyashika makala, maana hayapiti kwenye bohari wala kwenye pampu. Gesi ya kupikia ikipanda, mama wa mtaa wa Katuba aliyekuwa anafikiria mtungi anabaki na mbabula yake, jiko la makala. Kodi iliyokusudiwa kupunguza kaboni itakuwa imeuza mifuko zaidi ya kaboni yenyewe, ile nyeusi, ya shemeji. Kwa sababu hiyo, nikiambiwa kwamba mazutu au gesi ya Kongo yatawekewa kodi ya namna hii, sitauliza kwanza ni dola ngapi kwa tani. Nitauliza kama mbolea imesamehewa, kama mtungi wa gesi umesamehewa, na pesa itakaa katika akaunti gani kabla ya kugeuka kuwa barabara ya Kasenga au waya wa umeme wa mashine ya kusaga.

Kuna wanaochanganya kodi na ile biashara nyingine ya kaboni, ambayo wanakijiji wanalipwa wasikate. Hizo ni pesa za upande mwingine. Mwaka 2018 Kongo ilisaini na Benki ya Dunia mkataba wa misitu ya mkoa wa Mai-Ndombe: hadi dola milioni 55 kwa tani milioni 11, yaani dola 5 kwa tani. Uswidi kodi ya tani moja inapita dola 100. Hewa ni ileile, haijui mpaka. Tani iliyozuiwa na mtu wa msituni kwetu imenunuliwa kwa dola 5, na tani iliyotolewa na dereva wa Stockholm inadaiwa mara 20 na zaidi. Kuna maelezo ya kitaalamu ya tofauti hiyo na mengine yana mantiki. Nilipojaribu kuyasema chini ya mwembe yalinikauka mdomoni.

Mama mukubwa alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimrudie sehemu moja tu, ile ya Kanada.

"Balikuwa banabarudishia?"

"Ndiyo, mama. Kila miezi tatu."

"Na kule Kasumbalesa, ya kurudisha iko dirisha gani?"

Mjukuu alitaka daftari lake. Mvua za Novemba zilikuwa karibu, na mwenye mbolea alikuwa amepiga simu mara mbili. Mama mukubwa alichukua mifuko mitatu ya urea badala ya minne. Juma lililofuata nilipopita, vijana walikuwa wameanza kuangusha miti ya mitondo upande wa mashariki wa shamba, na matawi yalikuwa yamepangwa kukauka, tayari kwa moto.